Unga wa kijivu kwenye tuta la matembele: mabaki ya kiwandani ni mbolea au ni sumu?

*"Mtaalamu, shikamoo. Ninalima mboga bonde la Luiche, upande wa Ujiji, kama robo ekari hivi: mchicha, matembele, nyanya, na mvua zikikolea naweka mpunga kidogo. Mbolea ya dukani bei imenishinda. Jirani yangu tangu mwaka jana anatumia mabaki ya viwandani. Kwanza yalikuwa makapi na majivu kutoka kwa wakamua mawese. Sasa kaletewa viroba vya unga wa kijivu, havina nembo wala maandishi. Aliyemuuzia anasema unatoka kiwanda cha kuyeyusha chuma na una zinki nyingi. Mchicha wake umekolea kijani mpaka watu wanasimama kuuangalia. Alinigawia debe mbili, nikaziweka kwenye tuta la matembele. Wiki iliyopita mteja wangu wa soko la Mwanga kaniambia mboga za Luiche zina sumu ya viwandani, hanunui tena. Nimekosa raha. Nina mtoto wa mwaka mmoja na nusu, anacheza hapo hapo shambani. Nikiosha mboga kwa maji ya chumvi na kuzichemsha vizuri, sumu inatoka? Mama mkwe anasema tunywe maziwa. Niendelee au niache? Na lile tuta nilifanyeje?"*

Marahaba, binti yangu. Nianze na jibu fupi, maana najua una tuta linakusubiri. Makapi ya mawese endelea nayo, ila uyaozeshe kwanza. Majivu tumia kwa kipimo, ukishajua kilichochomwa ni nini. Unga wa kijivu acha leo, na matembele ya tuta lile msile wala usiyauze mpaka unga upimwe. Maji ya chumvi hayatoi sumu ya namna hii, na maziwa hayaisafishi mwilini. Mtoto asikanyage pale. Lakini usikose usingizi: debe mbili kwenye tuta moja ni jambo linaloshikika, tofauti kabisa na shamba zima lililowekewa unga huo miaka kumi mfululizo.

Wewe na mteja wako mnabishania neno kiwanda, na jirani yako naye analitegemea neno hilo hilo kwa upande wake. Yeye anaona kilichotoka kiwandani kina nguvu, mteja anaona kina sumu. Urea ya dukani nayo inatoka kiwandani, imetengenezwa kwa gesi asilia na hewa tunayovuta, na haina metali nzito za kukutisha. Mbolea za fosfeti asili yake ni mwamba unaochimbwa ardhini, kama ule wa Minjingu kule Manyara, na miamba ya fosfeti duniani huwa na kadimiamu, metali nzito yenye sumu, kidogo ndani yake, mingine zaidi ya mingine. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya tangu Julai 2022 umeweka kikomo cha miligramu 60 za kadimiamu kwa kila kilo ya fosfeti iliyomo kwenye mbolea hizo. Kwa hiyo swali la kuuliza ni moja: kiwandani kiliingia nini, na katika kutengeneza bidhaa, kipi kilitupwa pembeni? Mabaki ni kile mwenye kiwanda asichokitaka. Wakati mwingine hakitaki kwa sababu ni nyuzi tu zisizo na mafuta. Wakati mwingine hakitaki kwa sababu sheria inamtaka akilipie gharama kubwa kukitupa.

Tuanze na mawese, ambayo hapo Kigoma mnayajua kuliko mimi. Mikungu mitupu baada ya chikichi kupukutwa, na nyuzi zinazobaki baada ya kukamua, ni mabaki ya mmea. Yana potasiamu nyingi, ndicho kirutubisho ambacho mgomba na nyanya wanakililia. Ukiyafukia mabichi kwenye tuta, vijidudu vya udongo vinayashambulia kwa fujo, na kwa kazi hiyo vinahitaji naitrojeni. Vinaichukua udongoni, mboga yako inakosa, inageuka njano. Watu wakiona njano wanasema makapi yana sumu. Hayana, ni njaa ya naitrojeni. Changanya na samadi ya mbuzi au ng'ombe, lundo liwe na unyevu, ligeuze kila baada ya wiki mbili tatu, uliache mpaka lipoe, liwe jeusi na linuke udongo.

Maji machafu ya kukamulia ni habari nyingine. Yale ya rangi ya kahawia, ya moto, yenye povu la mafuta, ni machachu sana, pH yake, yaani kipimo cha uchachu, ni kama 4. Ukiyamwaga moja kwa moja yanaunguza mizizi na kuziba udongo kwa mafuta. Yakiingia mtoni yanakula hewa iliyomo majini mpaka samaki wanakosa pumzi, na Luiche inamwaga Ziwa Tanganyika. Hayo yaachwe shimoni yakae mpaka yatulie, tena mbali na kisima.

Ila kabla hujabeba kiroba cha makapi, simama pale kwenye kinu uangalie chini ya injini. Vinu vingi vidogo vinaendeshwa kwa dizeli, na oili chafu inadondoka. Kama lundo la makapi liko upande huo, chota konzi moja, kamua mkononi, nusa. Harufu ya kuchachuka kama pombe ya jana haina neno. Harufu ya dizeli, au maji yanayotoka yakiwa na ngozi ya rangi rangi juu, liache lundo hilo, omba la upande wa pili. Oili ya injini iliyotumika hubeba metali kutoka kwenye injini na mabaki ya mafuta yaliyoungua, na hutaki vitu hivyo chini ya mchicha.

Majivu nayo yanategemea jiko lilikula nini. Majivu ya kuni, nyuzi na maganda ya chikichi yana kalsiamu na potasiamu, na yanapunguza uchachu wa udongo, kwa hiyo yanafanya kazi kama chokaa. Konzi mbili kwa kila mita ya mraba, mara moja kwa mwaka, inatosha. Ukizidisha udongo unageuka magadi, na zinki na chuma vinakuwa havipatikani kwa mmea. Usiyachanganye na urea siku moja, naitrojeni itapaa hewani na pesa yako nayo. Lakini kama wanawashia moto kwa matairi ya zamani, chupa za plastiki, mbao za rangi, au nguzo na mbao zilizotiwa dawa ya mchwa, hayo si majivu ya kuweka shambani. Dawa ya mbao ya aina moja iliyotumika sana duniani ina shaba, kromiamu na aseniki, na moto hauviunguzi vikaisha. Vinabaki kwenye majivu, tena vimekolezwa. Na kama kinu kina upande wa sabuni, uliza pia kama mabaki ya magadi ya sabuni yanamwagwa kwenye jivu hilo hilo. Sodiamu inaharibu udongo wa mfinyanzi, unakuwa mgumu ukikauka na tope la kuteleza ukilowa.

Sasa unga wa kijivu, ambao ndio hasa ulionifanya nikujibu kwa urefu.

Sijauona unga wenyewe, kwa hiyo nazungumzia maelezo ya muuzaji. Kama ni kweli unatoka tanuri la chuma, zinki imo, hajakudanganya. Tanuri la namna hiyo huyeyusha vyuma chakavu: bodi za magari, mabati ya zamani, mabomba, vipande vya mashine. Bati limepakwa zinki lisipate kutu. Chuma kinayeyuka kwenye nyuzijoto 1538, lakini zinki inachemka kwenye 907 na kadimiamu kwenye 767. Maana yake chuma kikianza kuwa uji, zinki na kadimiamu zimeshageuka mvuke na kupanda juu. Risasi, ile metali laini na nzito iliyotoka kwenye rangi za zamani na solda, nayo sehemu yake inapanda pamoja nazo. Juu kuna vichujio, mvuke unapoa, unakuwa vumbi laini la kijivu au la kahawia. Hilo vumbi ndilo linaloweza kuishia kwenye kiroba. Yule anayekuambia lina zinki nyingi amesoma mstari wa kwanza wa orodha akaacha mingine.

Biashara hii si ngeni duniani. Mwaka 1997 gazeti la Seattle Times la Marekani lilichapisha habari ndefu kuhusu mabaki ya viwandani yaliyokuwa yakiuzwa kama mbolea, baada ya Patty Martin, meya wa mji mdogo wa wakulima unaoitwa Quincy katika jimbo la Washington, kuanza kuuliza kwa nini mashamba ya watu wake yanaharibika. Ilikuja kujulikana kwamba vumbi la matanuri ya chuma, ambalo kwa sheria yao lilihesabika taka hatari likienda jalalani, liliruhusiwa kutengenezewa mbolea ya zinki na kuuzwa kwa mkulima. Mwaka uliofuata jimbo hilo likatunga sheria ya kuweka vikomo vya metali kwenye mbolea, na mwaka 2002 serikali kuu yao ikaweka masharti kwa mbolea za zinki zinazotokana na mabaki hayo. Vikomo hivyo haviifukuzi zinki ya mabaki moja kwa moja. Inayosafishwa mpaka kadimiamu na risasi zikatolewa hutumika vizuri tu. Isiyosafishwa ndiyo ya kukataa, na kiroba kisicho na maandishi hakiwezi kukuambia kipo upande gani.

Hapa kwetu sheria ya mbolea ya mwaka 2009 inataka mbolea yoyote inayouzwa iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, TFRA, na mfuko uwe na maandishi yanayoonyesha kilichomo. Kiroba kitupu kwa hiyo ni kosa la muuzaji hata kama ndani kuna samadi safi.

Nije kwenye ule mchicha uliokolea, maana ndio unaowashawishi watu. Unga wa tanuri hauna naitrojeni ya kufanya majani yawe kijani. Mawili yanawezekana: ama ni makapi na majivu ya mwaka jana ambayo sasa yameoza na kuanza kulisha, ama shamba lake lilikuwa na upungufu wa zinki, na zinki kweli imelitibu. Upungufu huo upo mashambani kwetu, utauona kwenye mahindi machanga yakitoa mistari myeupe kando ya mshipa mkuu wa jani. Kwa hiyo kijani chake ni cha kweli. Lakini hakikuambii lolote kuhusu kadimiamu, na hapa ningependa usome taratibu.

Metali nyingi zina ulinzi wa asili. Shaba au zinki ikizidi mno udongoni, mmea unadumaa na kufa kabla haujafikia kumdhuru mlaji. Risasi inang'ang'ania chembe za udongo, mizizi haiivuti kirahisi, na inayoingia hubaki zaidi mizizini. Kadimiamu haina ulinzi huo. Kikemia inafanana mno na zinki, na mzizi unaikagua kama mlinzi wa geti anayeangalia sare tu bila kusoma kitambulisho. Inapita, inapanda hadi kwenye majani, na mmea unaweza kuibeba kwa kiwango kinachomzidi binadamu huku wenyewe ukinawiri, haupati doa wala kunyauka. Kwa sumu nyingi shambani tumezoea jicho litatuonya. Hii haionyi.

Mboga nazo hazilingani. Za majani ndizo zinazobeba zaidi, na mchicha uko mstari wa mbele. Matembele yamo kundi hilo. Mizizi kama karoti na viazi inafuata. Matunda kama nyanya, bamia na biringanya hubeba kidogo zaidi, na punje za mahindi pia. Mpunga una kisa chake: huko Japani, bonde la mto Jinzu mkoani Toyama, mashamba ya mpunga yalimwagiliwa kwa maji yaliyopita mgodi wa Kamioka, na wanawake watu wazima wakaanza kuumwa mifupa mpaka ikawa inavunjika kwa kukohoa. Serikali yao ilikiri rasmi mwaka 1968 kwamba chanzo ni kadimiamu. Haikuwa wiki moja wala mwaka mmoja, walikula wali ule kwa miaka mingi. Kadimiamu ikiingia kwenye figo inachukua miaka 10 hadi 30 kupungua nusu, ndiyo maana kidogo kidogo cha kila siku kinajumlika.

Nikufanyie hesabu ya mfano. Tuseme unga ule una miligramu 500 za kadimiamu kwa kilo, na debe zako mbili zilikuwa kilo 40. Hizo ni gramu 20 za kadimiamu. Tuta la mita za mraba 20, ukichanganya mpaka kina cha sentimita 20, lina udongo kama kilo 5,200. Gawanya: umeongeza karibu miligramu 4 kwa kila kilo ya udongo. Udongo wa kawaida usioguswa mara nyingi uko chini ya 1. Debe mbili tu. Na kwa kuwa metali haiozi, haichachuki na wala haiyeyuki kwenda mbinguni, msimu ujao itakuwepo pale pale.

Upande wa sahani, Codex, viwango vya chakula vinavyofuatwa kimataifa, inaweka kikomo cha miligramu 0.2 za kadimiamu na 0.3 za risasi kwa kilo ya mboga za majani, na 0.4 za kadimiamu kwa mchele uliokobolewa. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani na wenzao wa Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, walikubaliana mwaka 2010 kwamba mtu asizidishe mikrogramu 25 za kadimiamu kwa kila kilo ya uzito wake kwa mwezi. Mwanao akiwa na kilo 10, hiyo ni 250 kwa mwezi. Mboga yenye miligramu 1 kwa kilo, akila gramu 50 kila siku, inampa mikrogramu 1,500 kwa mwezi, mara sita ya kikomo. Wewe mwenye kilo 60 unastahimili zaidi. Ndiyo maana nimemtanguliza yeye kwenye jibu fupi.

Kuosha. Endelea kuosha, tena kwa maji mengi yanayotiririka, hasa jani lililo karibu na ardhi, maana risasi humfikia mlaji zaidi kupitia vumbi na matone ya udongo yaliyorukia jani kuliko kupitia mzizi. Chumvi, siki au ndimu havina kazi ya ziada hapo. Kadimiamu imo ndani ya nyama ya jani, na moto wa jikoni haubadilishi metali kuwa kitu kingine. Ukimwaga maji ya kuchemshia kiasi fulani kitaondoka pamoja na vitamini, lakini usijenge ulinzi wako juu ya hilo. Maziwa, mwambie mama mkwe kwa heshima, ni chakula kizuri na kalsiamu yake inasaidia mtoto asifyonze risasi nyingi kama angekuwa na njaa ya kalsiamu, ila hayaifuati metali iliyokwisha kuingia na kuitoa. Mkaa wa dawa nao haushiki metali hizi vizuri. Chenye maana zaidi ni mtoto asiwe na upungufu wa damu, kwa sababu mwili wenye njaa ya chuma unafyonza risasi na kadimiamu kwa pupa. Maharage, na dagaa mkavu wa ziwani asagwe na mifupa yake. Hiyo Kigoma mnayo.

Risasi kwa mtoto inahitaji neno lake. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama, na mtoto mdogo hufyonza mara nne mpaka tano kuliko mtu mzima kutoka chanzo kile kile. Wa mwaka mmoja na nusu anatia kila kitu mdomoni. Kwa hiyo tuta lile ni hatari kwake hata asipokula jani moja. Na kama wewe au dada zako mna mazoea ya kula udongo wakati wa ujauzito, ule wa eneo hilo usiguswe.

Basi, lile tuta. Kama unga bado unaonekana juu, ulowanishe kwanza kwa maji kidogo usiruke, funga kitambaa kibichi puani, vaa viatu, uukusanye kwa koleo pamoja na sentimita tano za juu za udongo. Tia kwenye mfuko wa plastiki mgumu, funga, weka kivulini pasipofikiwa na mtoto wala kuku. Usiutupe mtoni wala chooni, na usiuchome. Matembele yang'oe. Usiwape mbuzi, kwa sababu kadimiamu hukaa kwenye maini na figo zao, nazo ndizo mnazozikimbilia siku ya kuchinja. Kama ulishakwatua ukachanganya mpaka chini, usiendelee kuchimba. Funika kwa nyasi nene ili vumbi lisipae na tope lisiruke, halafu usubiri vipimo.

Vipimo ndipo watu wanapopoteza pesa. Usianze kwa kupima udongo, anza na unga. Sampuli moja ya unga ikirudi safi, umemaliza. Ikirudi chafu, ndipo upime tuta. Kwa kuwa unga ni wa jirani pia, changieni gharama. Nusu kikombe kwenye mfuko mpya wa plastiki, andika tarehe na mahali ulipotoka, piga picha kiroba chake. Kwa metali nzito, wa kuuliza ni Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali au maabara ya udongo ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. TARI Kihinga, kituo cha utafiti wa kilimo, iko hapo mkoani kwenu na itakuelekeza njia ya kutuma. Taja unachotaka kipimwe, ukisema "pima udongo" tu utaletewa naitrojeni na fosforasi. Omba kadimiamu, risasi, aseniki, kromiamu na zinki. Ikifika zamu ya udongo ongeza pH, chota kwa kijiti cha mti au mwiko wa plastiki sehemu kama kumi za tuta, kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo ya plastiki, chukua nusu kilo. Ndoo ya bati usiitumie, itamwagia sampuli zinki yake na utapata majibu ya ndoo.

Majibu yakiwa mabaya, chokaa ya kilimo mpaka pH ifike karibu 6.5, pamoja na mboji nyingi, hupunguza kadimiamu inayopanda kwenye mmea. Nisikudanganye hapa: haiondoi, inaifunga tu, na udongo ukirudi kuwa mchachu itafunguka. Kwenye mpunga, maji yakisimama shambani mpaka karibu na kuvuna hupunguza kadimiamu kwenye punje, lakini maji hayo hayo huachia aseniki kama ipo, ndiyo sababu nimeiweka kwenye orodha ya vipimo. Kwa tuta dogo kama lako mimi ningelitoa kabisa kwenye mboga, nikaotesha maua au mti wa mbao, nikahamishia matembele upande mwingine. Tuta moja si kitu cha kupigania.

Jirani usimwendee kwa ugomvi. Ameuziwa, na yeye ndiye mwenye unga mwingi zaidi shambani mwake na watoto wake wanakula pale. Nendeni pamoja kwa afisa kilimo wa kata, mkiwa na kiroba mkononi, mwambie apeleke taarifa TFRA na NEMC, baraza la taifa la mazingira, kuhusu muuzaji. Mteja wako wa Mwanga mwambie ukweli: tuta moja limetolewa, mengine hayajaguswa na unga. Akitaka kuona, aje aone. Tena, kwa nafasi yangu ningemkumbusha kwamba mboga za bondeni zinaumiza watu mara nyingi zaidi kwa maji yaliyopita vyooni na dawa ya wadudu iliyopuliziwa jana ikavunwa leo, na hayo hakuyauliza.

Kuhusu bei iliyokushinda: lundo la makapi na samadi litakubeba sehemu kubwa ya njia. Kwa urea, usimwage, pima kwa kifuniko cha soda, kimoja kwa mashimo mawili ya nyanya, pembeni ya shina, na ufukie. Kama hujajiandikisha kwenye ruzuku ya mbolea iliyoanza msimu wa 2022/2023, jiandikishe kupitia ofisi ya kijiji au mtaa.

Mtoto mpeleke kituo cha afya wiki hii hata akiwa mzima, mweleze daktari habari ya unga, aangaliwe damu. Usisubiri miadi kama anatapika bila sababu, tumbo linamuuma na choo kimekuwa kigumu, amepauka, amekuwa mkali au mlegevu kuliko kawaida yake, au maneno aliyokuwa ameanza kutamka yamepotea. Hapo nenda moja kwa moja hospitali ya Maweni, na uulize kuhusu kipimo cha risasi kwenye damu. Huenda sampuli ikasafirishwa, kubali kusubiri. Dawa za "kusafisha sumu" zinazouzwa kwa chupa usimpe, zipo ambazo zenyewe zina risasi.

Karatasi ya maabara ikirudi, nitumie picha yake nzima, pamoja na vipimo vya urefu na upana wa tuta. Nikiwa na hivyo nitakufanyia hesabu ile upya kwa namba zako mwenyewe.